Noti Sita za Mama Pindo

Mimi nina hasira za karibu, nalisema mapema ili usije ukashangaa huko mbele. Mume wangu anajua, wateja wangu wanajua, na wifi yangu, dada wa mume wangu, anajua kuliko wote kwa sababu amezionja miaka kumi na tisa. Habari hii ni yake. Ila mimi nimo ndani yake mpaka shingoni, kwa hiyo utanivumilia.

Wifi ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo la suruali alilolishona yeye halifumuki. Suruali itachakaa magotini, itapauka, itaishia kuwa tambara la kupigia deki, na pindo bado liko palepale. Kibanda chake kinatazamana na duka langu la steshenari, ambako natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti na kuwajazia watu fomu zinazowashinda. Kutoka kwenye kaunta yangu nauona mgongo wake kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, kainama, mguu kwenye pedali, pini mbili mdomoni. Ukimsalimia akiwa na pini mdomoni anakuitikia kwa nyusi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamnyima raha: matundu ya vifungo. Cherehani yake inashona mstari ulionyooka, basi, tundu la kifungo haiwezi. Kila shati akilimaliza ilibidi alipeleke mjini kwa jamaa mmoja mwenye mashine ya kazi hiyo, na jamaa anajijua kuwa yuko peke yake. Anatoza anavyotaka. Anasema njoo kesho, kesho ikifika anasema njoo Jumatatu. Wifi amekosa kazi ya sare za shule mara mbili kwa sababu ya mtu yule. Nimeyaona mwenyewe mashati mia mbili yamepigwa pasi, yamekunjwa, yamepangwa mpaka darini, hayana tundu hata moja. Mwaka huu mwalimu mkuu alimfuata kibandani akamwambia bila kupepesa macho, "Mama, kazi nakupa tena kwa sababu mkono wako naupenda. Lakini uwe na mashine yako ya matundu kabla shule hazijafunguliwa. La sivyo nampa mwingine na hutanisikia tena."

Sasa mashine ile mpya haigusiki, bei yake ni ya kununulia kiwanja. Miaka tisa wifi alikuwa anaweka akiba, na kila akikaribia, bei inasogea mbele. Kukopa hakopi. Hilo ukimtajia anageuza uso, kwa sababu nitakayoieleza.

Ndipo dereva wa lori anayemletea vitambaa akaja na habari. Upande wa pili wa mpaka, mji wa kwanza tu ukishavuka, kiwanda cha mashati kinafungwa na wanauza kila kitu, mpaka viti. Mashine za matundu zilikuwa tatu, mbili zimeshaondoka. Wifi hakungoja dereva amalize. Alivuka barabara mbio akaja kupiga simu dukani kwangu, na nikasikia kila neno, maana msimamizi wa kiwanda alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Nitakuwekea, mama," akasema. "Mpaka Jumamosi ya wiki ya pili kutoka hii, saa sita mchana. Ikipita dakika moja namuuzia mwingine, yuko hapa ananisumbua kila siku. Na tunapokea pesa ya hapa tu, taslimu."

Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na dola mia sita. Wifi alikuwa nayo. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alikuwa nayo yote. Aliweka simu chini, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanitazama macho yamemtoka.

"Wifi, mimi nje ya nchi sijawahi kwenda."

"Utakwenda."

"Peke yangu?"

"Nani kasema peke yako? Mimi naijua njia."

Naijua njia, ati. Nilivuka mara moja tu, zamani, nusu siku, nikanunua jozi mbili za viatu nikarudi. Lakini mtaani nimeshajijengea jina la mtaalamu wa mambo ya kusafiri, na mtu na sifa zake huwatenganishi. Tena na mimi nilikuwa na haja yangu huko: mashine ndogo ya kuvalisha vyeti plastiki, ambayo kwao, nilisikia, inauzwa nusu ya bei ya kwetu. Basi tukawa wasafiri wawili.

Siku zile sikulala vizuri kwa furaha, utadhani mashine ya matundu ni yangu. Nilisoma tovuti ya uhamiaji ya majirani zetu mstari kwa mstari. Niliwahoji madereva wa malori mpaka wakaanza kunikwepa. Halafu nikaandika masharti kumi na moja, nikayapiga chapa kwa herufi kubwa, nikampa wifi nakala mbili, moja ya mkobani na moja ya kubandika ukutani juu ya cherehani.

Hayo ya kuingia yalikuwa mepesi. Pasipoti iwe imebakiza miezi sita au zaidi kabla ya kwisha muda wake. Kadi ya manjano ya chanjo, na sindano iwe imechomwa siku kumi kabla ya safari, siyo asubuhi ya safari. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, usianze kusimulia maisha yako. Wifi aliyafuata moja baada ya jingine, akiweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Kwenye chanjo tu ndiyo alinipa kazi. Mtu aliyejichoma sindano vidoleni kwa miaka thelathini alimshika muuguzi mkono akamuuliza, "Mwanangu, lazima iwe yote?" Nilicheka mpaka nikaambiwa nitoke nje.

Ya pesa ndiyo niliyoyaandika kwa madaha. Usibadilishe pesa na watu wa barabarani, nenda dirishani, mwenye leseni ukutani. Hesabu hapohapo kabla hujaondoka. Chukua risiti. Na mawili haya niliyapigia mstari: beba dola, maana dola inakubalika popote, na noti ziwe mpya, zisichanike, zisiandikwe, wala zisikunjwe. La pili, pesa zikae mwilini, zisikae kwenye mkoba.

Yasome tena hayo mawili ya mwisho. Ndiyo yaliyotuponza.

Jumamosi ileile ya mwisho, maana siku kumi za chanjo ndiyo kwanza zimetimia, tuliondoka na basi la saa kumi na moja alfajiri. Wifi alikuwa amejishonea gauni jipya la bluu nzito, refu mpaka vifundoni, na nilipomsifia akalitikisa kidogo pindoni kwa vidole viwili. "Mtaji uko humu," akaninong'oneza. Nikampa hongera. Niliona amefanya la maana kweli, kuliko wale wanaoweka kwenye soksi. Njia nzima alikaa wima, hakulala, hakuegemea, anatazama dirishani na kunigusa paja kila tulipopita kitu. Shamba, mnara wa simu, ng'ombe, vyote kwake vilikuwa habari. "Wifi, ng'ombe wa huku wana nundu kubwa," akasema, na bado hatujatoka hata wilayani kwetu.

Tulifika mpakani saa tatu kasoro robo. Upande wetu wakatugongea muhuri wa kutoka, tukatembea kile kipande cha barabara ambacho si chetu wala si chao, wifi ananyanyua miguu kwa adabu. Katikati akasimama.

"Sasa hapa tuko wapi?"

"Hakuna mahali."

"Subiri kwanza," akasema, akasimama pale sekunde kadhaa, anatabasamu peke yake. Watu wenye mizigo wakatupita huku wakitukata jicho.

Kwenye dirisha la kuingia alikuwepo afisa kijana, uso mkavu. Nilimkumbusha wifi kwa kumminya: jibu ulichoulizwa.

"Unakuja kufanya nini?"

"Kununua mashine."

"Siku ngapi?"

"Leo tu."

"Unafikia wapi?"

"Kiwandani." Halafu akashindwa kujizuia. "Baba, shati lako nani kakushonea? Bega la kushoto limeshuka kidole kizima."

Nikafumba macho. Nikasema basi, tunarudishwa. Afisa akajitazama bega, akamtazama mwenzake wa dirisha la pili, akauliza, "Limeshuka?" Mwenzake akasema limeshuka siku nyingi, tulikuwa tunaogopa kukwambia. Kijana akacheka, akapekua kadi ya manjano, akagonga muhuri. Wifi alipopokea pasipoti yake hakuondoka dirishani. Aliupuliza wino ukauke kwanza, na kutoka hapo akaishika mkononi ikiwa wazi, akawa anaichungulia kila hatua kumi. Nilifurahi mno. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili na hilo pambo lake dogo la wino.

Saa tatu na nusu. Muda tele. Wabadilisha pesa wa barabarani wakatuzunguka na mabunda yao, nikawapangua kwa mkono kama mtu aliyezaliwa mpakani. Tukaenda kwenye duka la fedha lenye leseni ukutani, wifi akaomba choo, akaingia na wembe wake wa kufumulia. Akatoka na noti sita za mia mia, zimenyooka, hazina hata alama ya mkunjo. Akaziweka dirishani kwa mikono miwili.

Dada wa dirishani akachukua ya kwanza, akaiinua kwenye taa. Akaishusha. Akainua ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wifi na nikaona kile alichokuwa anakiona: mwanga unapenya kwenye noti, nukta, nukta, nukta, mstari mzima.

"Mama, hizi zimetobolewa."

"Hazijatobolewa. Nimezipiga bandi."

Bandi ni ule mshono mwepesi wa kushikiza nguo kabla ya kuishona kamili. Wifi yangu alikuwa amezilaza noti zake ndani ya pindo bila kukunja hata moja, kama nilivyoandika. Kisha, ili zisitembee, zisijikusanye, zisijikunje zenyewe njiani, akazishikiza. Kila noti kwa uzi mwembamba. Mwizi angehitaji siku mbili kuzitoa.

"Hatupokei noti iliyotobolewa," dada akasema, na akatuonyesha tangazo ukutani kwa kalamu. Hakuwa na ubaya, alikuwa anasikitika kabisa. Wifi akanigeukia. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Wifi, si uliandika zisikunjwe?"

Niliandika. Sindano sikuitaja. Nani angefikiria kuitaja? Mwenye duka la viatu angeziweka ndani ya soli, mpishi angeziweka kwenye mfuko wa plastiki, lakini mimi nilimpa maneno yale fundi cherehani, na fundi akayatekeleza kwa sindano na uzi. Nikaanza kumgombeza dada wa dirishani, kwamba noti ni noti, kwamba namba zinasomeka. Akaniacha nimalize. Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Duka la pili walikataa kabla hatujafika dirishani vizuri, nadhani mlinzi alishasikia. Duka la tatu alikuwepo mzee mwenye miwani, akazikagua moja moja kwa subira ya Mungu. Tatu zilikuwa zimeshikizwa pembeni kabisa, kwenye ule ukingo mweupe. Akazipokea, kwa bei ya chini. Tatu nyingine uzi ulikuwa umepita katikati ya picha. Akazisukuma nyuma kwa kidole kimoja.

"Hizi benki kuu ya kwenu, labda. Wiki tatu, nne. Hapa hapana."

Saa nne na nusu ikawa imepita. Tulikuwa na nusu ya bei, pungufu kidogo, na dola mia tatu zisizo na kazi. Tukatoka nje. Mmoja wa wale wa barabarani, ambaye bila shaka alikuwa anatufuata, akasema yeye atazichukua zile tatu kwa theluthi ya thamani. Nitasema ukweli: mkono wangu ulienda. Mimi mwenyewe niliyeandika masharti nilimpokonya wifi noti nikamnyooshea yule kijana. Wifi akanishika kifundo cha mkono, na mkono wa fundi cherehani ni koleo.

"Sharti la sita, watu wa barabarani," akasema.

"Wifi, achana na masharti."

"Hapana. Theluthi haitoshi mashine, na pesa itakuwa imekwenda."

Alikuwa sahihi, na alikwenda kukaa kwenye benchi la saruji nje ya ofisi ya mizigo, gauni lake limelegea pindoni, nyuzi zinaning'inia. Akaangalia saa ya ukutani ndani ya ofisi. Hakulia. Akasema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu mkuu atampa yule wa karibu na kituo cha polisi." Nikakaa pembeni yake, na hasira zote nilizokuwa nazo zikarudi kunitafuna mimi mwenyewe.

Sasa kuna jambo nilikuwa nimelificha. Wifi alikwenda benki kununua dola, na mimi pia nilikwenda, siku nyingine. Nikakuta foleni imetoka nje mpaka kwenye maegesho. Nikasema nitarudi kesho. Kesho nikasema nitarudi kesho. Ikafika Ijumaa sina dola hata moja, na aibu ya kumwambia wifi, mwanafunzi wangu wa masharti, sikuiweza. Basi nikachukua pesa za nchi yetu, zilizokunjwa, zilizochoka, nyingine zina rangi ya mafuta, nikazifunga kwenye mfuko wa mkate nikazitia chini ya mkoba, palepale panapokatazwa na sharti la tisa. Na mpakani pale kila dirisha linapokea pesa yetu. Hawaitazami hata kwenye taa.

Nikatoa mfuko wa mkate, nikauweka mapajani mwake.

Wifi akaufungua. Akatazama ndani. Akanitazama.

"Wewe hukubeba dola."

"Foleni ilikuwa ndefu."

"Na hii uliiweka kwenye mkoba."

"Niliiweka kwenye mkoba."

Alinikazia macho jinsi anavyomtazama mteja aliyenenepa baada ya kupimwa. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama mama ni mzima. Nilikasirika, halafu na mimi nikacheka. Halafu akafunga mfuko wa mkate vizuri, akaurudisha kwangu.

"Kanunue mashine yako ya plastiki."

"Chukua, wifi. Utanirudishia."

"Sikopi."

"Basi nipe hizo noti tatu, nikupe hizi. Tumebadilishana."

"Nikupe noti nilizoziharibu mwenyewe, benki wakizikataa hasara iwe yako? Hapana."

"Saa tano kasoro, wifi."

"Sikopi."

Kwa nini hakopi? Alipokuwa na miaka ishirini na mitano, mume ameondoka, watoto wawili wamebaki mikononi mwake, alichukua cherehani yake ya kwanza kwa mali kauli, analipa kila mwezi. Alilipa miezi kumi na sita. Ilibaki miwili. Mwezi ule mtoto aliugua, akachelewa siku tisa, na mwenye duka akaja na mkokoteni mchana wa jua, akaipakia cherehani na shati la mteja likiwa bado limebanwa chini ya sindano. Mtaa mzima umesimama mlangoni. Wifi akaufuata mkokoteni mpaka kona, anamwomba yule mtu amwachie angalau lile shati. Haya hakunisimulia yeye, alinisimulia mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa anasoma sekondari na alisimama pale. Tangu siku hiyo wifi hajakaa mbele ya kitu chochote ambacho mtu mwingine anaweza kuja kukichukua.

Kwa hiyo nilijua ninashindana na nini. Na bado nikapandisha sauti.

"Nisikilize," nikamwambia, na watu wa benchi la pili wakageuka. "Nani alikwambia ubebe dola?"

"Wewe."

"Nani alikwambia zisikunjwe?"

"Wewe."

"Nani alizitoboa?"

"Mimi."

"Basi kosa ni nusu kwa nusu. Na mashine itakuwa nusu kwa nusu. Sikukopeshi hata senti. Nanunua nusu yangu."

Akafikiri. Wifi ni mtu wa vipimo, ukimpa hesabu iliyonyooka anaiheshimu. "Inayopungua ni zaidi ya nusu," akasema polepole. "Yule mzee alitukata."

"Kilichozidi ni faini yangu ya ujuaji."

Akanyanyuka. Hakusema ndiyo, alikwenda tu kusimama mlangoni pa duka la fedha, akaning'iniza mkoba begani akaniangalia, maana yake unangoja nini.

Tulibadilisha, tukahesabu pale pale dirishani noti kwa noti, wifi akadai risiti. Hata moto ukiwaka yule atadai risiti. Saa tano na dakika ishirini tukaingia kwenye bajaji. Barabara ya kiwandani inapita penye soko, na siku ya Jumamosi, jamani, sitaki hata kukumbuka. Dereva alikuwa mpole, anasimama kila mtu akivuka. Nilimwambia mambo ambayo sikupaswa kumwambia mtoto wa watu. Wifi alikuwa ananyoosha mguu wa kulia mbele, anakanyaga sakafu ya bajaji kama vile pedali iko pale.

Saa sita kasoro dakika saba tukaingia getini, wifi mbele anakimbia, mkono mmoja umeshika gauni lisimkwaze. Karakana ilikuwa tupu, sakafuni alama tu za miguu ya mashine zilizoondoka. Mwishoni, chini ya dirisha, moja imebaki, ya kijani, shingo fupi, mafuta yanang'aa kwenye mkono wake. Pembeni yake amesimama kijana wa suruali ya kubana, bahasha mkononi, anatazama saa. Msimamizi yupo mezani na kalamu ya risasi sikioni.

"Mama wa simu?" akauliza kwa ile sauti.

Wifi alikuwa anahema. Akaitika kwa kichwa, akaweka pesa mezani. Yule kijana akasonya, akasema hata mashine hajaijaribu, mtu ananunua bila kujaribu. Msimamizi akasema ana haki ya kujaribu. Akawasha umeme, akampa kitambaa cha shati jeupe.

Wifi akakaa. Punde tu, mgongo wake ukawa ule ninaouona kila siku kutoka kwenye kaunta yangu. Akaweka kitambaa, akashusha mguu wa mashine, akakanyaga. Mashine ikatetemeka, ikashona upande mmoja, ikageuka yenyewe, ikashona upande wa pili, kisu kikashuka katikati. Sekunde nne, labda tano. Akakitoa kitambaa, akapitisha kidole cha shahada kwenye tundu, akaninyooshea kidole kile kikiwa na shati. Akashona jingine. Akashona sita mfululizo, na mimi nikahisi machozi yananitoka, sikuyazuia. Niliona raha mbichi, raha ya kitoto, kwa ajili ya matundu ya vifungo. Kijana wa bahasha aliondoka bila kuaga.

Msimamizi akahesabu, akaridhika, akavuta kitabu cha stakabadhi na kutia kaboni.

"Forodha watataka kuona jina la mwenye mali," akasema. "Niandike nani?"

"Andika lake," nikasema haraka. Nilikuwa nimeshaamua tangu kwenye bajaji. Ile nusu niliisema pale benchini ili akubali. Karatasi ndiyo kazi yangu, najua jina likikaa kwenye stakabadhi linaweza kusimama mbele ya yeyote, na nilitaka wifi awe na mashine moja duniani yenye jina lake peke yake.

Wifi akaweka kiganja juu ya kitabu.

"Andika mawili."

"Wifi, acha hayo."

"Baba, andika mawili."

Nikamvuta kando, nikamsemea sikioni kwa ukali, maana mimi hata upendo unanitoka kwa ukali. "Unajua unachofanya? Mimi na wewe tutagombana, hilo linajulikana. Siku hiyo mwenye jina kwenye karatasi hii ana haki ya kuja na mkokoteni mbele ya mtaa mzima."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nataka liwe lako, wewe ambaye najua hutakuja nao."

Msimamizi alikuwa ameshaandika la kwanza na ananingoja. Nikamtajia langu. Sauti haikutoka vizuri, akaniomba nirudie.